Siku Niliyompigia Baba Watoto Kutoka Angani

Mume wangu ni mrina asali, na mrina asali ana siri moja ambayo hamwambii hata mkewe. Mizinga ya zamani kila mtu anaijua ilipo. Mizinga mipya haionyeshwi. Mtu huitundika peke yake, ndani kabisa ya msitu, na mpaka nyuki waingie na asali ya kwanza ivunwe, mahali pale panabaki kati yake na Mungu wake. Wanasema ukipataja tu, nyuki wanahama. Mimi ni Msubi wa Nyantakara, nimekulia kando ya msitu huohuo wa Biharamulo, nimeiona desturi hiyo tangu utoto, na sijawahi kuipenda. Fuata nyuki ule asali, watu husema. Sisi tulioolewa na wanaofuata nyuki tunakula wasiwasi kwanza, asali baadaye.

Kwa hiyo mimi na yeye tulipatana jambo moja. Kila akiwa msituni, jioni saa kumi na moja atanipigia simu. Msitu ule hauna mtandao, ila karibu na kambi yao kuna kichuguu kirefu, na mtu akisimama juu yake simu hupata kijiti kimoja, mara chache viwili. Hapo ndipo alipopanda. Hatukuwa na maneno mengi. Yeye alisema, "Nipo." Mimi nikasema, "Tupo." Basi, kila mmoja akarudi kwenye kazi zake akiwa na moyo mweupe.

Simu yenyewe ilikuwa kitochi, ile ndogo ya vibonye ambayo chaji yake hukaa wiki nzima. Ya kwanza ilikufa kwa asali. Ya pili ilikufa kwa mvua. Ya tatu nilimpa mimi, na nikampa na kopo lake: kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko unaobana. Nililisugua kwa majivu mpaka likang'aa, nikatandika kitambaa ndani, nikamwambia, "Simu ikae humu. Itoke saa kumi na moja tu." Alitii. Katika mambo madogo mume wangu ni mtiifu sana, na mimi katika mambo yote ni mtu wa kutoa amri, ndiyo maana nyumba yetu imedumu.

Msimu ule aliondoka na wenzake wawili. Siku tatu za kwanza alipiga. Siku ya nne hakupiga. Nilikasirika. Nilikaa kwenye kibaraza nikipanga maneno nitakayomwambia, na niliyapanga vizuri, kwa mpangilio, kuanzia la kwake hadi la ukoo wake. Siku ya tano hakupiga, na maneno yote yakanipotea. Usiku huo sikulala.

Siku ya sita asubuhi wale wenzake wawili walitokea wakikokota baiskeli, mizigo ya asali imefungwa nyuma, na hawakunisalimia sawasawa. Mmoja akatazama chini. Mwingine akasema, "Shemeji, alitoka kambini juzi alfajiri. Alisema anakwenda kuitazama mizinga yake mipya, atarudi jioni. Hakurudi. Tumetafuta, tumepiga miluzi, tumewasha moshi. Lakini mizinga mipya, unajua tena..."

"Najua," nikasema. Msitu ule mtu huutembea siku mbili bila kuuvuka, na katika msitu wote huo hapakuwa na binadamu aliyejua mume wangu alielekea upande upi.

Mtendaji wa kijiji ndiye aliyenitajia ndege. Ilikuwa ndege ndogo nyeupe, imekuja wilayani kwa wiki mbili, ikilala kwenye kiwanja cha vumbi na majani. Ilikuwa na watu wawili tu: rubani, mzee mwenye mvi asiyependa maneno mengi, na mtaalamu wa mitambo, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye vifaa vya kusikilizia shingoni muda wote. Walikuwa wanajaribu chombo cha kutafuta simu kutoka angani, ili siku moja kiwasaidie watu wanaopotea ziwani na maporini. Nilipanda bodaboda mpaka huko. Nikamsalimia rubani, shikamoo, naye yule mwanamke akanisalimia mimi, shikamoo mama. Nikawaambia nina mtu wa kumjaribia chombo chao.

Yule mtaalamu alinieleza kwa Kiswahili chepesi. Simu ikiwa imewashwa, hata pasipokuwa na mnara, haikai kimya. Inauliza muda wote: mnara uko wapi, mnara uko wapi. Ndani ya ndege wamebeba mnara mdogo. Wakipita karibu, simu inadhani imepata mtandao, inaitika, nao wanajua iko upande gani. Wanaweza hata kuipigia. Akaniuliza namba. Niliitaja kwa kichwa. Akauliza kama simu huwa imewashwa. Nikajibu kwamba mume wangu hajawahi kuzima simu. Hilo lilikuwa kweli. Lakini sikumtajia kopo, kwa sababu lilikuwa kitu cha kila siku kwangu, na kitu cha kila siku mtu hakioni.

Waliruka jioni hiyohiyo. Nilibaki kiwanjani nimekaa juu ya jiwe, nikihesabu punje za mahindi ya kuchoma bila kuzila. Waliporudi, rubani alitikisa kichwa hata kabla hajashuka.

"Tulipita chini, karibu tuguse miti," akasema yule mtaalamu. "Mara moja tu, tukiwa bado mbali, saa kumi na moja na kitu, iliitika. Sekunde kama ishirini. Tulipogeuza kuifuata, ikanyamaza. Nadhani ndiyo chaji ilikuwa inaisha, mama."

Rubani akasema watarudi kesho asubuhi na, ikibidi, kesho jioni. Baada ya hapo mafuta yaliyotengwa kwa kazi hii yatakuwa yamekwisha, na mtondo wanaondoka. Aliongea kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko yote. Mtu mzima akianza kukuongelesha kwa upole, ujue anakuandaa kwa msiba.

Sasa nimtaje mtu mwingine katika habari hii, naye ni mama mkwe wangu. Anaishi nasi. Alikuja nchi hii akitokea Burundi, akivuka vilima kwa miguu, mume wangu akiwa mgongoni, na wakatua Ngara, wakalima huko miaka mingi kabla ya kuhamia kwetu. Hataki kuulizwa habari za safari ile na mimi sikumuuliza. Ni mwanamke wa sala na wa kazi. Ananiita mukazana, yaani mke wa mwanawe, na akinikasirikia ananiita hivyohivyo, ila polepole zaidi.

Asubuhi ya siku ya saba sikwenda kiwanjani. Mama mkwe alikuwa hajala tangu jana yake, nikasema nimpikie uji kwanza. Nilikuwa nachochea moto niliposikia mngurumo. Ndege ilikuwa inapita juu ya kijiji ikielekea msituni. Nilitoka nje nikainua uso, nikaiombea. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe kwenye kichanja cha vyombo. Alikuwa anakusanya masufuria niliyoyaosha na kuyaanika, moja ndani ya jingine, akayakumbatia na kukimbilia nayo jikoni. Mwanamke yule ana magoti mabovu. Sikujua kama anaweza kukimbia.

"Mama, hayajakauka," nikamwambia, na nakiri niliongea kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka.

"Kinachong'aa kiingie ndani," akasema.

"Ile ndege ndiyo inayomtafuta mwanao."

"Najua. Kichwa kinajua." Akakaa chini na masufuria mapajani. "Miguu ndiyo haijui, mukazana. Kule tulikotoka, ndege ikija unalala chini, unafunika kila kinachong'aa. Huyo wangu nilimfundisha kabla hajajua kusema vizuri. Nilimfinya mpaka akajua."

Nilisimama na mwiko mkononi. Na hapo mambo ya miaka yote ya ndoa yangu yakanijia kwa pamoja. Mume wangu, ndege ikipita juu ya shamba, huwa anaacha jembe na kuja kusimama chini ya ukingo wa bati. Anavua saa ya mkononi anaitia mfukoni. Nilikuwa namtania. Nilikuwa namwambia mbele ya watoto kwamba baba yenu haogopi nyuki elfu lakini anaogopa kitu kinachopita tu. Naye alikuwa anacheka pamoja nasi, na hakunieleza hata siku moja. Niliona aibu pale jikoni, aibu ya kweli, na mpaka leo nikiikumbuka inanichoma.

Lakini aibu ilifuatwa na kitu kingine. Ile simu iliitika saa kumi na moja. Iliitika ndege ikiwa mbali. Ndege ilipokaribia, ikanyamaza. Yule mtaalamu alisema ni chaji. Mimi nililijua lile kopo, nilijua mfuniko wake unavyobana, na nilijua kwamba bati lililofungwa halipitishi kitu. Mume wangu alikuwa ameitoa simu saa yetu ilipofika, kama tulivyopatana. Akasikia mngurumo. Akairudisha ndani, akafunika, akalala juu yake.

Maiti haifuniki kopo. Nilimwambia mama mkwe maneno hayohayo, nikamwachia uji usioiva, nikatoka mbio kutafuta bodaboda.

Ndege ilikuwa imesharudi. Hawakupata kitu, na sikushangaa. Nikawaeleza yote: kopo, saa kumi na moja, masufuria, vilima. Yule mtaalamu alikaa juu ya jiwe langu na kuvua vile vifaa vya shingoni. Rubani alinisikiliza mikono ikiwa nyuma.

"Kwa hiyo sisi ndio tunaomfukuza," akasema.

"Nyinyi ndio," nikasema. "Kila mkimkaribia anajificha zaidi. Jioni hii msiende karibu. Pandeni juu sana, mkae mbali, asisikie kitu. Saa kumi na moja atatoa simu. Mimi nitampigia."

"Mama, tukiwa mbali hivyo chombo hakitatuonyesha mahali penyewe. Kitatuonyesha upande tu," akasema rubani.

"Hamhitaji kujua mahali. Nitamwambia awaonyeshe."

"Na kama chaji imekwisha kweli?"

"Haijaisha."

"Unajuaje?"

"Nilimchajia mimi."

Yule mwanamke akanitetea. Alisema tukipanda juu chombo kitasikia mbali zaidi, hakuna cha kuzuia. Rubani akatazama mafuta, akatazama anga, akanitazama mimi. Alisema tutaondoka saa kumi, na giza lisitukute juu. Wakanipima uzito kwa mzani wa mahindi wa jirani wa kiwanja, kwa kuwa ndege ndogo haitaki ubishi kuhusu kilo, na nikaona rubani akiandika namba bila kusema lolote. Alikuwa na adabu yule mzee.

Watu huniuliza kama niliogopa. Sikuogopa. Nilitapika mara moja, ndani ya mfuko, kisha nikajifuta na kuendelea na kazi iliyonipeleka. Rubani alikuwa ameagiza simu zote zizimwe, nikazima yangu, na yule mtaalamu akanivisha masikioni vifaa vyake vilivyounganishwa na simu ya mtambo, akaniambia hiyo ndiyo nitakayoongelea. Tulipanda mpaka kijiji kikawa mabati machache. Msitu ulikuwa kule mbele, wote, mara moja, na ndipo nilipoelewa kwa nini wale wenzake walishindwa. Nilimwomba Mungu kwa Kisubi, maana Kiswahili changu cha maombi ni cha kanisani na hapakuwa na muda wa adabu.

Tukazunguka mbali. Saa kumi na moja ikafika. Yule mwanamke alikuwa ameinamia kioo chake. Kimya. Ikapita dakika moja, mbili, tatu. Nilianza kufikiria kwamba labda saa yake imesimama, kwamba labda ameanguka juu ya mkono wenye saa, kwamba labda mimi ni mbishi tu niliyepoteza mafuta ya watu.

"Ameitika," akasema. "Ongea naye, mama. Nampigia."

Ikaita mara tano. Nadhani aliitazama namba asiyoijua. Kisha ikapokelewa.

"Ni mimi," nikasema.

"Nipo," akasema.

Alisema vilevile, kama siku zote, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Nililia. Sitaki kuandika kwamba sikulia.

"Tupo," nikajibu, kwa sababu ndivyo tulivyopatana.

"Nilianguka na tawi. Mguu si mzuri. Maji nilikuwa nayo, yamekwisha leo. Asali ipo." Akapumua. "Hapa hapana mtandao. Nimeona vijiti vimejaa mpaka juu, nikadhani nimeshakufa na huko mbele ndiko kwenye mtandao mzuri."

"Mtandao ni mimi. Nimo ndani ya ndege."

Yule mtaalamu alinitazama, nikamwonyesha kidole, angoje.

"Ile ya jana?" akauliza. "Na ya asubuhi?"

"Hiyohiyo."

"Nilijifunika."

"Najua. Mama naye ameingiza masufuria ndani."

Nikasikia sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio, na sikumuuliza. Nikamwambia, "Sasa nisikilize. Hatuwezi kukuona. Tutakuja karibu, utasikia mngurumo. Usilale chini. Jivute mpaka mahali pasipo na miti, toa mfuniko wa kopo, uuelekeze kwenye jua, uutikise."

"Unaniambia ning'ae," akasema.

"Nakuambia ung'ae."

"Na wewe umo kweli humo ndani?"

"Nimo. Nimekaa nyuma ya rubani, nimetapika."

"Basi ngoja nijivute."

Hakukata simu. Rubani akageuza ndege kuelekea upande ule ulioonyeshwa na kioo, akaanza kushuka. Nilimsikia mume wangu akijikokota kwenye majani, akisimama, akiguna, akijikokota tena. Kisha nikasikia kitu ambacho sitakisahau. Kupitia simu yake nilisikia ndege yetu. Mngurumo mdogo kwanza, kisha mkubwa, na pumzi zake zikawa fupi na za haraka, za mtoto aliyebebwa mgongoni. Nikamwambia, "Ni mimi. Ni mimi huyo." Sikujua maneno mengine. Alimtaja mama yake mara moja. Halafu simu ikagonga kitu kigumu, na sikumsikia tena.

"Ameiweka chini," akasema yule mtaalamu. "Au..."

"Ameiweka chini," nikasema. Nilisema hivyo kwa sauti yangu ya kila siku, sauti ya kutoa amri, lakini ndani sikuwa na uhakika hata kidogo. Pale ndipo nilipoogopa. Niliona miti, miti, miti, kiwazi kidogo cha majani, miti tena.

Rubani ndiye aliyeona kwanza. Alinyoosha mkono kushoto. Chini, pembeni ya kiwazi, kitu kilimeta, kikazimika, kikameta tena. Kilikuwa kidogo kama punje. Tulipita juu yake na hakikuacha. Tulizunguka tukapita tena, chini zaidi, na nikamwona mwenyewe, amekaa, mguu mmoja umenyooka, mikono yote miwili juu ya kichwa, ameushika ule mfuniko niliousugua kwa majivu. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Lakini mikono ilikuwa juu.

Rubani aliandika mahali pale, na wale warina wenzake wawili pamoja na askari wa msitu walimfikia mume wangu na machela asubuhi iliyofuata. Mguu ulipona ukiwa umepinda kidogo. Ile mizinga mipya ikajulikana na dunia nzima, na nyuki hawakuhama, jambo ambalo nimewakumbusha warina asali wote wa Nyantakara, mmoja mmoja. Siku hizi mume wangu hunielekeza alikotundika kila mzinga. Hukunja uso akinielekeza, lakini hunielekeza.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe amekaa palepale jikoni. Nilimwambia mwanao yu hai, nimeongea naye, nimemwona. Alishukuru Mungu. Kisha akauliza jinsi tulivyomwona katika msitu wote ule. Nikamweleza habari ya mfuniko.

"Ndege ilikuwa juu yake?" akauliza.

"Juu yake kabisa."

"Na hakulala?"

"Hakulala, mama."

Keshokutwa yake mume wangu akiwa tayari hospitalini, nilikuwa nafagia uani niliposikia mngurumo. Ile ndege ilikuwa inaondoka kwetu. Mama mkwe alitoka jikoni, akaenda moja kwa moja kwenye kichanja, nami nikaacha ufagio nimsaidie kuyaingiza masufuria. Alichukua lile kubwa la kupikia ugali wa shughuli. Akalifuta maji kwa kanga yake, akalirudisha kichanjani, akaligeuza uso wake uelekee jua. Alisimama kando yake, mkono mmoja ukiwa juu ya sufuria, mpaka ndege ilipopita na mngurumo ukaisha. Kisha akaniuliza kama uji umeiva.